Mto Kwanza, Meli Baadaye

Kampuni zinazouza likizo za meli kwenye mito ya Ulaya hukuonyesha meli kabla ya kitu kingine chochote. Kurasa za mwanzo za vijitabu vyao zimejaa vitanda vyenye shuka nyeupe, meza zilizopangwa bilauri, na wazee waliopumzika kwenye sitaha ya juu wakiota jua. Mto huja mwishoni, ukiwa ramani ndogo yenye mstari wa buluu na nukta za miji. Ningependa uvisome vijitabu hivyo kuanzia nyuma. Uangalie kwanza ule mstari wa buluu: unaanzia wapi na kuishia wapi, unapita nchi gani, maji yake huwaje katika mwezi utakaosafiri, na ni kipande gani chake utakipita mchana ukiwa macho. Ukishayajua hayo, kuchagua meli kutakuwa kazi ndogo.

Meli zenyewe zinafanana mno. Nyingi kati ya zile zinazopita Rhine na Danube zina urefu wa mita 110 au 135 na upana wa takriban mita 11.4, ziwe zinauzwa kwa Wamarekani, Wajerumani au Wafaransa. Vipimo hivyo vimeamuliwa na loki, yaani vyumba vikubwa vya zege vilivyojengwa mtoni, vyenye milango mbele na nyuma. Meli huingia, milango hufungwa, maji hujazwa au kupunguzwa, na meli hupanda au kushuka kutoka usawa mmoja wa mto hadi mwingine. Loki za Mfereji wa Main-Danube, unaounganisha njia ya Rhine na ya Danube, zina upana wa mita 12. Meli inayotoka Amsterdam kwenda Budapest lazima ipenye humo, kwa hiyo hakuna kampuni, hata ikiwa na fedha kiasi gani, inayoweza kukupanulia chumba kwa kuipanua meli. Ipo iliyothubutu: AmaMagna, iliyoanza kazi mwaka 2019, ina upana wa mita 22. Matokeo yake ni kwamba imebaki Danube tu, maana njia ya kwenda Rhine imefungwa kwake.

Meli inapoingia loki, panda sitaha ya juu, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri. Nafasi iliyobaki kila upande ni sentimita 30 hivi, urefu wa rula ya shule. Nahodha huacha chumba kikuu cha usukani, akasimama ubavuni kwenye usukani mdogo wa pembeni, macho yake yakiwa chini, kwenye ule mwanya kati ya chuma na zege. Baharia mmoja yuko mbele na mwingine nyuma, wakimtajia kwa redio umbali uliobaki. Ukuta umeota mwani na unachuruzika maji. Aliyebaki chumbani huona mchana ukigeuka giza ghafla, kwa kuwa dirisha lake limetazamana na zege. Kamba hufungwa, milango ya nyuma hujifunga polepole, kisha maji huanza kujaa kutoka chini bila kishindo. Hutahisi meli ikipanda. Unachoona ni ukuta unaoshuka, mpaka kichwa chako kinatokeza juu ya ukingo na unajikuta unatazamana na mtu aliyesimama na baiskeli yake. Kwenye mto Douro huko Ureno, loki ya Carrapatelo hupandisha meli mita 35 hivi kwa mara moja. Ukiwa chini yake mbingu hubaki kipande chembamba tu kati ya kuta mbili.

Mfereji wenyewe wa Main-Danube una urefu wa kilomita 171 na loki 16, na kilele chake kiko mita 406 juu ya usawa wa bahari. Mfalme Karolo Mkuu alijaribu kuchimba mfereji wa kuunganisha njia za Rhine na Danube mwaka 793, na mabaki ya handaki lake bado yanaonekana Bavaria. Kazi ilikamilika mwaka 1992. Kabla ya hapo meli kubwa haikuweza kwenda kutoka Bahari ya Kaskazini hadi Bahari Nyeusi kwa kukatiza katikati ya Ulaya.

Kuna jambo hapa litakalomgusa msomaji wa Kigoma au wa Bujumbura. Meli nyingi za mtoni za kampuni ya Viking zilijengwa katika kiwanda cha Neptun Werft, Rostock, ambacho kimekuwa chini ya kundi moja na Meyer Werft ya Papenburg. Meyer Werft ndio waliojenga, mwaka 1913, meli iliyoitwa Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa ndani ya maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli, ikaunganishwa tena na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Sisi tunaijua kwa jina la MV Liemba.

Basi tuje kwenye mito yenyewe. Mtu anayesafiri kwa mara ya kwanza ningempeleka Danube ya juu, kati ya Passau na Budapest. Danube ina urefu wa kilomita 2,850 hivi na inapita nchi 10, kutoka Msitu Mweusi wa Ujerumani hadi Bahari Nyeusi, na miji mikuu minne imejengwa kando yake: Vienna, Bratislava, Budapest na Belgrade. Safari ya siku saba au nane kutoka Passau hukupa mitatu kati ya hiyo. Passau ni mji wa mito mitatu. Inn huleta maji ya kijivu-kijani kutoka Milima ya Alpi, Ilz huleta maji meusi ya msituni, nayo Danube hufika na rangi yake. Ukisimama kwenye ngome iliyo juu ya mji, utaona rangi hizo zikienda sambamba kwa kitambo kabla ya kuchanganyika.

Kipande cha thamani kubwa zaidi katika safari hiyo ni Wachau, bonde la kilomita 36 hivi kati ya Melk na Krems, ambalo UNESCO ililiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Melk ina monasteri ya Wabenedikto waliofika hapo mwaka 1089. Jengo la sasa, la rangi ya manjano, lilijengwa kwa miaka zaidi ya 30 kuanzia 1702, na limekaa juu ya mwamba kiasi kwamba ukiwa melini unaliona muda mrefu kabla ya kulifikia. Kisha bonde hujibana. Mashamba ya mizabibu yamepandwa kwenye matuta yaliyozuiwa kwa kuta za mawe yasiyotiwa saruji, ukuta juu ya ukuta, hadi mahali ambapo mkulima hawezi kufika ila kwa miguu. Chini, karibu na maji, kuna miaprikoti, ambayo huchanua mapema majira ya kuchipua. Kwenye kijiji cha Dürnstein, juu kilimani, yamebaki magofu ya ngome ambamo Richard wa Kwanza wa Uingereza alifungwa mwaka 1192 alipokuwa akirudi kutoka Vita vya Msalaba.

Hapo ndipo swali la mchana na usiku linapokuwa kubwa. Wachau hupitwa kwa saa mbili au tatu tu. Zipo ratiba zinazolipita bonde hili usiku ili meli iwahi gati la Vienna asubuhi, na abiria akaamka na kuambiwa kwamba amepita. Ratiba iliyochapishwa huandika tu “Melk” siku moja na “Vienna” siku inayofuata. Mwandikie wakala wako na umuulize meli inaondoka Melk saa ngapi na inafika Krems au Dürnstein saa ngapi, na akujibu kwa maandishi. Uliza vivyo hivyo kuhusu kuingia Budapest, ila huko unatamani kinyume chake. Budapest ni ya kuingia usiku, Bunge likiwa limewashwa taa upande wa Pest, ngome ya Buda iking'aa ng'ambo, na meli ikipita chini ya Daraja la Minyororo, lililofunguliwa mwaka 1849. Meli hutia nanga katikati kabisa ya mji, na unaweza kushuka ukatembea kwa miguu hadi unapotaka.

Vienna si hivyo. Danube kuu haipiti katikati ya mji mkongwe, na gati linalotumiwa na meli nyingi liko karibu na daraja la Reichsbrücke. Watu wengi hupanda basi la kampuni na kulipia matembezi ya pamoja, kumbe dakika chache kutoka gatini kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Vorgartenstraße, na mstari wa U1 hukufikisha Stephansplatz, mbele ya kanisa kuu, kwa nauli ndogo.

Majina ya miji kwenye vijitabu yasomwe kwa makini pia. “Prague hadi Budapest” ni safari inayouzwa sana, lakini Prague haiko kando ya Danube. Iko kwenye mto Vltava, na abiria hulala hotelini usiku mmoja au zaidi, kisha husafirishwa kwa basi hadi Passau, Nürnberg au bandari nyingine. Salzburg hutangazwa pamoja na Danube, nayo ni mwendo wa saa mbili hivi kwa basi kutoka mtoni. Fuo za Normandy walikoshuka wanajeshi mwaka 1944 huuzwa pamoja na mto Seine, na kuzifikia ni safari ya basi ya siku nzima. Sehemu hizo zote zinastahili kuonwa. Hesabu tu saa utakazokuwa kwenye basi, na ukiziona zinazidi saa za majini, fikiria kama treni na hoteli zisingekufaa zaidi.

Rhine ni mto wa kazi, na mimi naupenda kwa sababu hiyo. Una urefu wa kilomita 1,230 hivi, na kati ya Basel na Rotterdam hupita mashua za mizigo mchana na usiku, zimebeba mafuta, makaa, kokoto na makontena, nyingine zikiwa na gari la familia ya nahodha limeegeshwa juu ya sitaha ya nyuma. Duisburg ni bandari kubwa kuliko zote za mtoni barani Ulaya. Mtu anayetarajia ngome na mizabibu tangu Amsterdam hadi Basel atashangazwa na uwanda mrefu wa viwanda kaskazini mwa Cologne. Ngome zimesongamana katika kipande cha kilomita 65 kati ya Bingen na Koblenz, urithi wa dunia tangu mwaka 2002. Humo mto umekata milima ya mawe, na karibu kila kona ina ngome yake, kwa kuwa mabwana wa zamani waliishi kwa kutoza ushuru wa kila chombo kilichopita. Ngome ya Pfalzgrafenstein, mbele ya kijiji cha Kaub, imesimama kwenye kisiwa katikati ya mto, mahali ambapo hapana chombo kingeweza kuikwepa. Mbele kidogo ni mwamba wa Loreley, mita 132, ambapo mto hupinda na kujibana, na mabaharia bado hupaheshimu. Meli karibu zote hupita hapa mchana. Jambo moja ambalo vijitabu havitaji ni reli. Iko kila upande wa mto, na treni za mizigo hupita usiku kucha. Mwenye usingizi mwepesi achukue vizibo vya masikio.

Kaub ina umuhimu mwingine, na kila anayefikiria Rhine aujue. Hapo pana kipimo cha maji ambacho wenye meli wote wa Rhine hukitazama, kwa sababu ndipo mto ulipo na kina kidogo kuliko sehemu nyingine za njia hiyo kuu. Oktoba 2018 kipimo kilishuka hadi sentimita 25. Namba hiyo haimaanishi kwamba maji yalifika magotini: kina halisi cha njia ya meli hupatikana kwa kuongeza mita 1.1 hivi, kwa hiyo palikuwa na chini ya mita moja na nusu. Sehemu ya meli ya abiria ya kawaida iliyo chini ya maji huwa na kina cha takriban mita moja na nusu au zaidi. Agosti 2022 hali ilijirudia. Chini ya Iffezheim Rhine haina loki wala mabwawa ya kuzuia maji, na kinachoujaza ni mvua na theluji ya Alpi inayoyeyuka. Mwanzoni mwa kiangazi theluji husaidia. Kuanzia mwishoni mwa kiangazi hadi vuli, mvua isiponyesha, hapana akiba.

Danube nayo ina mahali pake pagumu. Kati ya Straubing na Vilshofen, huko Bavaria, mto haukuzuiwa, na maji yakipungua meli hushindwa kupita kutoka upande wa Nürnberg kuelekea Passau. Hii ni sababu mojawapo inayonifanya nipendelee safari inayoanzia Passau kuliko ile ndefu ya Amsterdam hadi Budapest, ambayo inategemea Rhine, Main, mfereji na kipande hicho vyote viwe sawa katika wiki mbili zilezile. Maji mengi pia huzuia. Mito ikijaa, meli haiwezi kupita chini ya madaraja, hata chumba cha usukani kikishushwa na vyuma vya sitaha ya juu vikilazwa. Juni 2013 maji ya Passau yalifika mita 12.89, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1501. Septemba 2024 mvua za siku chache zilisimamisha usafiri kwenye Danube ya Austria, na meli za watalii zikakwama Vienna.

Kampuni hufanya nini hali ikiwa hivyo? Zenye meli nyingi huwa na meli mbili za muundo mmoja zinazoelekeana. Abiria wa kila meli husafirishwa kwa basi kuvuka kipande kibaya, wakabadilishana meli, na vyumba vyao vikawa na namba zilezile. Kampuni ndogo inaweza kuigeuza meli hoteli na kuwapeleka watu kwa basi kila siku. Masharti ya mkataba karibu yote huiruhusu kampuni kubadili njia kwa sababu ya maji, na wengi hutia saini bila kuyasoma. Ukinunua safari ya pamoja kwa muuzaji aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2015 inakupa haki ya kuvunja mkataba bila faini pale mambo ya msingi ya safari yanapobadilishwa kwa kiasi kikubwa kabla ya kuondoka. Haki hiyo inafaa tu kama utaambiwa mapema. Idara ya njia za maji ya Ujerumani hutoa vipimo vya Kaub na vituo vingine kwenye intaneti kila siku, na wiki mbili kabla ya safari inafaa kuvifuatilia.

Kwa hiyo chagua mwezi kwa jinsi mto ulivyo. Kwa Rhine, Mei na Juni ndiyo miezi ninayoiamini. Septemba na Oktoba huvutia zaidi kwa mavuno ya zabibu na majani yanayogeuka rangi, na anayekubali hatari ya kumaliza safari kwa basi asizuiwe. Uholanzi ina maua ya tulipu, na bustani ya Keukenhof hufunguliwa kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei tu. Desemba ni ya masoko ya Krismasi. Siku ni fupi na jua huzama mapema sana, basi mandhari ya mto utaikosa, ila miji kama Nürnberg, Cologne na Vienna huwa imewaka taa. Aliyezoea joto la Mombasa asidharau baridi ya kusimama sokoni usiku.

Douro ni tofauti na mito yote niliyoitaja. Meli ni ndogo zaidi, urefu wa mita 80 hivi, na hazisafiri usiku, kwa hiyo hakuna kipande utakachokipita umelala. Upande wa Ureno kuna mabwawa matano yenye loki, na mabwawa hayo huufanya mto uwe na kina kiangazi chote. Safari huanza Porto, ikapanda hadi mpaka wa Hispania, ikarudi kwa njia ileile. Bonde lilipimwa na kuwekewa mipaka ya kilimo cha zabibu mwaka 1756 kwa amri ya waziri utakayemkuta vitabuni kwa jina la Marquês de Pombal, na matuta yake ni marefu na makali kuliko ya Wachau. Julai na Agosti joto linaweza kupita nyuzi 40. Anayetaka miji mikubwa na makumbusho hapa si mahali pake, maana baada ya Porto ni milima, mashamba na utulivu.

Ufaransa nitaipitia haraka. Seine, kutoka Paris hadi Rouen na zaidi, inamfaa mpenda sanaa: Monet aliishi Giverny kuanzia 1883 hadi alipofariki 1926, na bustani aliyoichora ipo. Rhône, kutoka Lyon hadi Avignon na Arles, ina jua na mabaki ya Warumi, pamoja na upepo wa mistral unaoweza kuwafukuza watu wote sitaha ya juu. Elbe, kati ya Ujerumani na Cheki, ni nzuri sana karibu na Dresden, lakini maji yake hupungua mara nyingi kiasi kwamba kampuni ya CroisiEurope ilijenga meli ya magurudumu ya kupigia maji, kama zile za zamani, ili iweze kupita.

Danube ya chini, kutoka Budapest hadi Romania, ni ya aliyekwisha kuiona ya juu, na kwangu ndiyo yenye historia nzito kuliko zote. Utapita Vukovar iliyozingirwa na kubomolewa mwaka 1991, na Novi Sad ambako madaraja yaliangushwa kwa mabomu ya NATO mwaka 1999. Kisha huja korongo la Milango ya Chuma, kuta za mawe zikipanda pande zote, hadi kwenye bwawa kubwa lililokamilika mwaka 1972. Chini ya maji ya bwawa hilo kimelala kisiwa cha Ada Kaleh, walikoishi Waturuki Waislamu na msikiti wao hadi walipohamishwa. Hakuna kinachoonekana pale juu ya maji. Muombe mwongozaji akuonyeshe mahali penyewe.

Sehemu hiyo ndiyo pia yenye mtego wa viza, na mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo aelewe vizuri. Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungaria zote zimo katika Schengen, Kroatia iliingia mwaka 2023, na Romania na Bulgaria zilikamilisha kuingia Januari 2025. Serbia haimo. Ukishuka Danube kupita Belgrade unatoka Schengen na kuingia tena upande wa pili, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haikutoshi. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja, eleza sababu kwenye barua ya maombi, na thibitisha masharti ya Serbia kabla hujalipa chochote. Rhine haina tatizo hilo, kwani hata Uswisi imo Schengen ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Swali la Rhine ni ubalozi gani uombe. Kanuni ni nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Hesabu siku kwa ratiba ya meli, maana safari inayoanzia Amsterdam mara nyingi hukaa zaidi Ujerumani. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Amana ya meli hudaiwa mapema kuliko hapo, basi uliza kwanza ni kiasi gani kinarudishwa ukinyimwa viza.

Sasa meli, kwa maneno machache kama nilivyoahidi. Jambo kubwa kuliko chumba ni lugha. Kila kampuni ina soko lake, na matangazo, matembezi na mazungumzo ya mezani hufuata lugha ya soko hilo. A-Rosa ni ya Kijerumani, CroisiEurope ni ya Kifaransa tangu ilipoanzishwa Strasbourg mwaka 1976, na Viking na AmaWaterways huendeshwa kwa Kiingereza. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura anaweza kujisikia nyumbani zaidi kwenye ya Kifaransa, tena kwa bei nafuu. Wiki moja inaweza kuanzia euro 1,000 hivi kwa mtu wakati wa baridi na kupita 5,000 kwenye meli za kifahari. Uliza bei hiyo imejumuisha nini: matembezi, vinywaji, bakshishi ya wahudumu. Anayesafiri peke yake hutozwa nyongeza, ambayo baadhi ya kampuni huiondoa mwanzoni na mwishoni mwa msimu.

Kuhusu chumba, usijibane. Vya sitaha ya chini vina dirisha dogo lililo juu karibu na dari, halifunguki, na ni vya bei ya chini kabisa. Vingi vya juu vina mlango wa kioo wenye kizuizi, usio na nafasi ya kiti nje. Lakini bandarini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili, tatu, hata nne, na aliyelipia mandhari hujikuta akitazama chumba cha jirani. Mandhari ya mto yako sitaha ya juu, na huko wote ni sawa. Epuka tu vyumba vya nyuma kabisa, karibu na injini.

Wengi wetu tulioko Ulaya tungependa kumleta mama au baba kwa safari ya namna hii, na ni zawadi njema: mto hauna mawimbi ya kumtapisha mtu, na sanduku hufunguliwa mara moja tu. Ila uliza kuhusu lifti. Kwenye meli nyingi haifiki sitaha ya juu wala ya chini kabisa. Meli zikifungwa pamoja, kushuka nchi kavu ni kupanda ngazi ya meli nyingine, kuivuka na kushuka tena. Miji yenyewe imetandikwa mawe yasiyo sawa. Mzee mwenye matatizo ya magoti achukuliwe chumba cha sitaha ya mapokezi, karibu na mlango. Kwa chakula cha halali, andika wakati wa kulipia na udai jibu linalosema nyama hununuliwa wapi. Jibu la kwamba mpishi atajitahidi halitoshi, na afadhali ukubaliane nao samaki na mboga kwa wiki nzima.

Aliye Ulaya tayari na hana fedha za wiki nzima asiukose mto. Kampuni ya KD imepitisha boti za mchana kwenye Rhine tangu karne ya 19, na tiketi ya kutoka Rüdesheim au Bingen hadi St. Goar hukupitisha Kaub na Loreley katika alasiri moja. Vienna na Bratislava zimeunganishwa na boti ya kasi ya saa moja na robo. Wachau ni rahisi zaidi: panda treni ya asubuhi kutoka Vienna hadi Melk, zuru monasteri, kisha shuka na boti hadi Krems, ambako treni nyingine itakurudisha Vienna kabla ya giza. Kushuka huchukua chini ya saa mbili, na kupanda kutoka Krems karibu saa tatu kwa sababu ya mkondo. Mwenye nafasi achague kupanda, aupate mto kwa muda mrefu zaidi. Boti hizo hufanya kazi kuanzia Aprili hadi Oktoba.